Mwaka wa Maji Baridi

Kwenye hitma ya arobaini ya baba yangu nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka, tena kwa sauti, mbele ya wanawake waliojaa kwenye jamvi la Shangazi Tatu, na mpaka leo wapo watu kisiwani kwetu wanaoamini kwamba siku ile nilipandwa na kitu. Kilichonichekesha ni kikombe cha maji. Nilikuwa nimeshuka boti ya kutoka Nyamisati nikiwa na tope mpaka magotini, jua limenipiga utosini, koo limekauka. Shangazi, dada yake baba, akanikalisha kivulini, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati amekishika kwa mikono miwili. "Kunywa, mwanangu," akaniambia. "Maji baridi hayo." Nikanywa. Yalikuwa ya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Ndipo nikacheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, shangazi akakitwaa kikombe kabla hakijaanguka, na wanawake wakaanza kunisomea.

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe. Huku delta, ambako bahari hupanda mtoni na kurudi kila siku, na kisima kinachonyweka leo kesho kinaweza kukushinda kwa chumvi, maji baridi si maji yenye ubaridi. Ni maji yasiyo na chumvi, basi. Hata yakiwa yanatoa mvuke, madhali hayana chumvi, ni maji baridi. Ni neno dogo sana, na ndilo lililonitenganisha na baba yangu. Nalisema hili bila kutia chumvi. Nimekuwa mtu mzima Dodoma, nimefanya kazi ya maabara hospitalini, nimezoea jokofu na barafu, lakini mtu akitamka maneno hayo mawili bado narudi kwenye chumba kimoja cha Kibiti, mwaka niliokuwa kidato cha pili, mimi na baba peke yetu. Wakati anazikwa nilikuwa ndani ya basi, sijafika hata Chalinze, nikaambiwa wamekwisha kuzika, nikageuza. Kwa hiyo sikuwa na kaburi la kukumbuka, nilikuwa na kile chumba.

Jinsi tulivyofika Kibiti nitaiacha, ni habari ndefu na wenyewe wengi wamekwisha kufa. Itoshe kwamba nilifaulu kwenda sekondari, kisiwani hakukuwa na sekondari, na baba alisema mtoto wa kike hakai geto peke yake. Akafunga mlango wa nyumba yake, akaacha maji yake na mikoko yake, akaja kupanga chumba nyuma ya soko kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Shani. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Zilisimama usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake ilikuwa hewa tupu mpaka kwenye bati, hata kikohozi cha mpangaji wa mwisho kilikuwa chetu sote. Kitanda kilikuwa changu. Baba alilala kwenye mkeka upande wa pili wa kanga iliyotundikwa kwenye kamba, na kanga ile ilikuwa na maandishi yaliyogeukia kwake, kwa hiyo mimi niliyasoma kinyumenyume mwaka mzima. Palikuwa na dirisha moja la kutazama ukuta wa jirani. Asubuhi ya kwanza baba alifungua dirisha lile, akatazama, akalifunga, na sikumwona akilifungua tena.

Alipata kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mtu aliyeishi maisha yake yote amelowa, sasa alirudi jioni amekauka, pumba zimemjaa kwenye nyusi na ndani ya masikio, mweupe kama mzimu. Aliketi mlangoni akajipangusa kwa kitambaa, kisha akaniuliza, "Umesoma?" Nami nikajibu, "Nimesoma." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Tulikula wali na kamba wakavu wa kwetu, wale wadogo, nilipowapika Bi Shani akapiga kelele kutoka chumbani kwake kwamba tunamnukishia nyumba, kisha akaja na sahani. Walipokwisha wale kamba tukala dagaa, na baba akala kwa adabu tu, kama anayekula kwa watu. Wiki ya kwanza aliwasikia vijana wa stendi wakiyapigia mabasi kelele, "Maji baridi! Maji baridi!" Akarudi nyumbani ameshangaa. Mji wenye visima vitamu namna hii, akasema, nani anunue maji baridi? Kesho yake akanunua mfuko mmoja apate kujua. Meno yalimuuma kwa barafu mpaka akashika shavu. "Lo," akasema, "kumbe baridi kweli." Nilicheka, naye akacheka, na nilikumbuka kicheko kile muda mrefu kwa sababu hatukuwa na vingi.

Upweke wa mwaka ule sikuupa jina wakati ule. Shuleni walinicheka lafudhi, wakaniita mtu wa mikoko. Nikirudi nilimkuta mtu niliyempenda kuliko wote, na yeye mwenyewe alikuwa hayupo, yuko kule kwenye maji. Aliwahi kwenda kusimama barabarani lori la samaki la Nyamisati likija kupitia Mahege, si kwa kununua samaki. Alisimama tu upande unakokwenda upepo, apate ile harufu. Niliona aibu kumwita na niliona uchungu kumwacha, kwa hiyo nilisimama mbali na vitabu vyangu mpaka lori lilipoondoka.

Kisha siku moja, nimelala kwa homa, nilimsikia akiongea na Bi Shani uani. Bi Shani alikuwa akichambua mchele, nilisikia ungo. "Nikuulize, baba Siwema," akasema. "Mwanamume mzima unabeba magunia ya watu hapa, kwenu una nyumba. Utakaa mpaka lini?" "Mie hapa naishi kama kuku mgeni, Bi Shani," baba akasema. "Nimefungwa mguu. Lakini wametwambia shuleni, kuna maonyesho ya sayansi, anakuja mama mmoja, mkuu wa shule ya wasichana ya bweni huko mikoani. Atachagua watoto awachukue. Siwema akipata bweni, atakuwa kwenye mikono salama. Mie narudi kwetu." Ungo ukaendelea. Mimi nikajifunika shuka mpaka kichwani. Nilijua tangu dakika ile kwamba nikishinda nampoteza, na kwamba nikishindwa atabaki, amefungwa mguu.

Jioni ile ile alikuja amebeba maneno kama mtu aliyebeba mayai. "Mama," akaniambia, ndivyo alivyoniita akiwa na jambo, "hayo maonyesho, wewe unaonyesha nini?" Nikasema sijui. Akasema basi tutajua pamoja. Kumbe alikwisha kwenda kumwona Mwalimu Tarimo, mwalimu wetu wa kemia, Mchaga mmoja mpole aliyekuwa hana chaki lakini alikuwa na vitabu. Mwalimu Tarimo alimchorea kwenye kipande cha boksi: beseni, ndani yake maji kidogo ya chumvi, katikati kikombe kitupu, juu nailoni nyeupe imefungwa pande zote. Jua linachemsha, mvuke unapanda, unagonga nailoni unageuka maji, unadondoka kikombeni, chumvi inabaki. Baba aliniletea kile kipande cha boksi akakiweka juu ya mkeka, akakizungusha huku na huku. "Yaani," akasema, "maji ya kwetu yanageuka maji baridi." Sijapata kumwona na macho yale.

Nilitaka tutumie maji ya bomba na chumvi ya dukani, ndivyo mwalimu alivyosema inatosha. Baba hakutaka kusikia. Alimwagiza dereva wa lori la samaki amletee dumu la maji ya kisiwani, maji yakijaa. Watu wa stendi walicheka mpaka wakakaa chini, mtu anaagiza maji ya bahari kama anayeagiza mafuta ya taa. Dumu likaja. Alilibeba begani mwenyewe, akalifikisha chumbani, akafunga mlango, akafungua kifuniko na kuinamisha pua. Chumba kizima kikanuka tope la mikoko. Alikaa vile, amefumba macho, kofia imemwangukia usoni, nami nikajifanya natafuta kalamu. Nilisikia uchungu ambao siwezi kuupamba kwa maneno. Niliogopa pia, kwa sababu nilielewa ni kiasi gani anataka kurudi.

Mara ya kwanza tulijaza maji mengi, kikombe kikaelea, kikapinduka. Mara ya pili baba alileta nailoni nyeusi kwa kuwa ilikuwa ngumu, tukangoja siku nzima tukapata joto tupu. Mara nyingine alikosa mpira wa kufungia, akaziba ukingo kwa ugali, ukazibika vizuri sana, tukaenda zetu ndani, na kuku wa Bi Shani wakala maabara yote. Baba alimfukuza jogoo mpaka barabarani akiwa na shuka kiunoni. Bi Shani alisema jogoo amesoma kuliko sisi. Hatimaye tulipata mpira wa tyubu ya baiskeli na nailoni safi, na matone yakatokea, lakini yalitelezea pembeni, hayakuja kikombeni. Nikatazama tena mchoro wa mwalimu, nikaona kidoti juu ya nailoni ambacho sote tulidhani ni doa la wino. Kilikuwa ni jiwe. Uzito wa katikati, nailoni ibonyee juu ya kikombe, matone yajue njia.

Sasa, kwetu hakuna mawe. Delta yote ni tope na mchanga, mtoto anaweza kukua mpaka akaolewa hajajikwaa kwenye jiwe, na mafiga yetu tulifinyanga kwa udongo. Kibiti mwaka ule walikuwa wanajenga barabara kuelekea kusini, mawe yamemwagwa njiani marundo kwa marundo. Tulikwenda pamoja kuchagua. Baba aliyashika moja moja, akayapima kiganjani, akayapangusa kwa kanzu kama anayechagua embe sokoni. "Na hayana mwenyewe?" akaniuliza, hakuamini. Alichagua moja la kijivu lenye mstari mweupe uliolizunguka katikati kama mkanda. Tukaliweka. Tukakaa ubavuni mwa beseni, mabega yakigusana, tukatazama nailoni ikipata jasho. Matone yakakusanyika, yakateremka, yakaning'inia chini ya jiwe. Baba alikuwa ameketi hapa na mimi hapa, hata unyayo haupiti kati yetu, lakini lilipoanguka lile la kwanza alipiga ukelele kama niko ng'ambo ya mto. "Siwema! Limedondoka!"

Baada ya hapo kila Jumapili tulikaa pale uani. Ndipo alipoanza kuongea, akanisimulia majina ya vijito vyote vya kwetu, na kipi kina mamba na kipi kina uongo wa mamba. Nilizipenda Jumapili zile kuliko chochote, na nilizihesabu kwa hofu. Kazi ile iliyotukutanisha ndiyo iliyokuwa inamwondoa.

Maelezo yalitakiwa yaandikwe kwa Kiingereza. Mwalimu Tarimo alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba, kwa hiyo niliandika mwenyewe, na kamusi ya kuazima. Kichwa cha habari nilikifikiria kwa Kiswahili cha kwetu, maji baridi kutoka maji ya chumvi, na nikakigeuza neno kwa neno. Nikaandika kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa za bluu: COLD WATER FROM SALT WATER. Baba hakujua Kiingereza, lakini alizipenda zile herufi. Alizisoma kwa kidole, akasema zimenyooka.

Siku ya maonyesho alivaa kanzu nyeupe na kofia ya Idi, akasimama karibu na mlango wa darasa pamoja na wazazi wengine, waliotoka Dimani na vijiji vya jirani. Masikio yake bado yalikuwa na pumba, niliziona nilipoketi. Beseni tulikuwa tumelianika nje tangu asubuhi, na kikombe kilichojaa nilikiweka mezani, dumu chini yake. Yule mama mgeni alikuwa mrefu, wa bara, miwani imeshikwa na mnyororo. Alisoma karatasi yangu. Akachovya kidole kwenye kikombe. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Baridi iko wapi?" akauliza. "Mbona ya moto haya?" Darasa likapasuka kwa kicheko. Mvulana wa meza ya pili, aliyekuwa amejenga volkano, akasema friji langu limekula kona. Nikageuza macho mlangoni. Baba naye alikuwa anacheka. Alidhani wanafurahi. Alicheka na wenzake, akawagusa, akanionyesha kwa kidole, huyo wangu.

Kwa muda ule nilifurahi, nasema kweli. Yule mama alikwisha kugeuza bega kuelekea volkano. Nisingefanya kitu, ningenyamaza tu, na jioni tungerudi chumbani kwetu, na Jumapili tungekaa uani. Lakini baba kutoka mlangoni aliinua mkono, akafanya ishara niliyoijua tangu sijajua kusema, kiganja juu kinaelekea mdomoni. Mkaribishe maji. Kwake yeye mgeni amefika, amesimama mbele ya maji, na mtoto wa nyumba amezubaa. Kwetu mgeni hapiti bila maji, awe nani, aje na shari au na heri, kwanza maji. Mwili wangu ulitii kabla yangu. Nikachukua kikombe kwa mikono miwili, nikapiga goti. "Karibu maji, mama," nikasema kwa Kiswahili. Akasimama. Nikamwambia ni kosa langu la lugha, kwamba kwetu maji baridi ni yale yasiyo na chumvi hata yakiwa ya moto, kwamba haya asubuhi yalikuwa hayanyweki, na aonje yale ya kwenye dumu ajue. Akaonja ya dumu, uso ukamkunjamana, watu wakacheka tena lakini cheko jingine. Kisha akanywa kikombe chote, mpaka mwisho, kama mgeni mwenye adabu. "Ni matamu," akasema. "Nani amekusaidia?" Nikamwonyesha baba. Aliitwa mbele, akaja akiwa amevua kofia, na mama yule akamwambia mtoto huyu anamchukua. Baba akasema, "Alhamdulillahi." Akasema tena, polepole, akitazama sakafu. Hatukutazamana mpaka tulipofika nyumbani.

Tulihama Januari. Beseni baba alimpa Bi Shani, aliyelia kupita sisi wote. Nilipokuwa nakunja kanga yetu niliona jiwe halipo dirishani, mahali lilipozoea kukaa. "Jiwe liko wapi, baba?" nikauliza. "Jiwe gani tena, mama?" akajibu, mgongo amenipa, anafunga kikapu chake. "Mawe yamejaa Kibiti hapa." Stendi aliniinulia sanduku langu la bati, akanunua mfuko wa maji ya barafu akanipa dirishani. "Haya," akasema, "hiyo baridi ya kwao." Basi likaondoka upande wa Dar, naye akabaki amesimama upande wa Nyamisati, na mimi nikaushika mfuko ule mpaka barafu ikaisha na maji yakawa ya moto mkononi. Bwenini nililala kwenye ukumbi wa wasichana wengi na sikusikia kikohozi cha mtu hata mmoja ninayemjua.

Nilikuwa nakuja kisiwani likizo, kisha baadaye kwa nadra, kama inavyokuwa kwa watu wa kazi, na nikija ilikuwa masika, maji ya mvua yamejaa mapipani. Kiangazi sikuwahi kukiona nyumbani. Kwa hiyo nilipotulia, siku ile ya hitma, wanawake wamekwenda kupakua ubwabwa, nilimuuliza Shangazi Tatu maji yale ameyatoa wapi, maana nilisikia ladha ya nailoni. Alinitazama kama anayepima kama nimepona. "Ya baba yako," akasema. "Kiangazi chote hutega lile dude lake nyuma ya nyumba. Mie nikimwambia, kaka, kisima kipo, kikombe kimoja kwa kutwa cha nini? Ananijibu, Siwema akija huyu atataka maji baridi. Akingoja mpaka magharibi, hujaja, anayanywa mwenyewe. Kesho anatega tena." Akavuta upande wa kanga akajifuta. "Siku alipoanguka lilikuwa limetegwa. Mie nikaona nisilivunje. Nimelijaza maji mpaka leo."

Asubuhi iliyofuata, wageni wameondoka na maji makubwa ya bamvua, nilikwenda nyuma ya nyumba. Beseni lilikuwa jingine, la plastiki, limepauka. Mpira ulikuwa wa tyubu. Juu ya nailoni, kwenye kisiwa kisicho na hata kokoto, limekaa jiwe la kijivu lenye mstari mweupe. Mstari wenyewe ulikuwa umefifia upande mmoja, pale mtu anaposhika akiliinua. Nilifungua, nikamwaga maji ya jana, nikateka mapya kijitoni, nikaweka kikombe, nikafunga, nikaliweka jiwe katikati. Kisha nikaketi chini na kuacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni. Jua lilipanda. Nailoni ikaanza kutoka jasho, matone yakakusanyika, yakateremka, moja likaning'inia chini ya jiwe muda mrefu, kisha likaachia.

"Baba," nikasema kwa sauti, "limedondoka."